Vitamini za Chupa na Vitamini za Chungu

Vitamini ni virutubishi ambavyo mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini vikikosekana mtu huugua, na vikikosekana kwa muda mrefu hufa. Zinazojulikana ni 13: A, C, D, E, K na nane za kundi B. Zinaandamana na madini kama chuma, zinki, kalsiamu na madini joto, ambayo nayo mwili hauwezi kuyatengeneza. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 za vitamini C kwa siku, na pera moja la kawaida linakitimiza kiasi hicho na ziada. Vitamini B12 anahitaji mikrogramu 2.4 tu, yaani chini ya sehemu moja kati ya sehemu 400,000 za gramu.

Virutubishi hivi vinamfikia mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni chakula. Ya pili, ambayo haijatimiza miaka 100, ni kiwanda: vidonge, matone, unga wa kukoroga na peremende za watoto zilizopangwa kwenye rafu za maduka ya dawa mijini. Chupa nyingi huahidi kinga, nguvu, damu na ngozi nzuri kwa mpigo mmoja. Kama chupa hizo zinaweza kushika nafasi ya chakula, au kumwongezea afya mtu anayekula vizuri, ni jambo lililokwisha kupimwa kwa majaribio makubwa, na baadhi ya majaribio hayo yalifanyika Dar es Salaam na Pemba.

Elimu yenyewe ya vitamini ilianzia jikoni. Mwaka 1747, ndani ya manowari ya Uingereza iitwayo Salisbury, daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye katika jozi sita, kila jozi na tiba yake. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ndiyo iliyopata nafuu haraka, na mmoja wao alirudi kazini baada ya siku sita. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara yake wakipooza miguu kama wagonjwa wa beriberi. Kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mwingine, akakataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia, kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Kilichokuwa kikitupwa na pumba ndicho kilichokuwa kinga yao. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929 kwa uchunguzi huo.

Casimir Funk, mwanasayansi mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alitangaza mwaka 1912 kwamba beriberi, kiseyeye na pelagra ni magonjwa ya kukosa viambata fulani kwenye chakula, na jina la vitamini ni lake. Miaka 20 baadaye mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alibaini vitamini C, akaivuna kwa wingi kutoka kwenye pilipili tamu za Hungaria, na mwaka 1933 Tadeus Reichstein akapata njia ya kuitengeneza maabara. Viwanda vikaanza. Tangu hapo vitamini ikawa bidhaa inayoweza kuuzwa bila tunda lake.

Ushindi huo dhidi ya kiseyeye na beriberi ulikuwa mkubwa, lakini ulizaa fikra moja ambayo haikuwa imethibitishwa: kwamba ikiwa kiasi kidogo kinamponya aliyepungukiwa, basi kiasi kikubwa kitamwimarisha asiyepungukiwa. Mtetezi wake maarufu alikuwa Linus Pauling, Mmarekani mwenye tuzo mbili za Nobel, ambaye mwaka 1970 alichapisha kitabu akihimiza vitamini C kwa dozi kubwa dhidi ya mafua. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo. Kwa watu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakuzuii mafua. Hufupisha siku za kuugua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Waliopata mafua kwa uchache waziwazi ni wakimbiaji wa marathoni na askari waliokuwa kwenye mazoezi makali.

Jaribio lililowashtua wataalamu zaidi lilihusu karotini, ile rangi ya njano na chungwa iliyomo kwenye karoti, embe, boga na pia kwenye mboga za kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye karotini hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Mwaka 1981 mtafiti Richard Peto wa Uingereza na wenzake wakauliza kama karotini ndiyo inayokinga. Finland ikatoa vidonge vya karotini, miligramu 20 kwa siku, kwa wanaume wavutaji sigara. Jaribio zima lilikuwa na watu 29,133. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Nchini Marekani jaribio jingine la watu 18,314, wavutaji sigara na wafanyakazi waliokuwa wamevuta vumbi la asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake. Waliopewa karotini pamoja na vitamini A walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo kwa asilimia 17 zaidi.

Karotini ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ilivyoingia mwilini. Kwenye boga huja kidogo kidogo, imefungwa ndani ya nyuzinyuzi, pamoja na mamia ya viambata vingine, na huenda baadhi ya hivyo ndivyo vinavyokinga, au vinakinga vikiwa pamoja tu. Tena anayekula mboga kila siku mara nyingi ndiye huyo asiyevuta sigara na anayetembea kwa miguu, hivyo si rahisi kujua ni lipi kati ya hayo lililompa afya. Ndiyo maana jaribio la kugawa watu kwa kura, ambamo nusu yao hupewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa bila wao kujua, lina uzito kuliko ushuhuda wa wauzaji.

Vitamini E ilipita njia hiyohiyo. Wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico waliingia kwenye jaribio la vitamini E na seleniamu kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye vitamini nyingi kwa viwango vya kawaida, havikuonyesha madhara ya namna hiyo. Kwa madaktari 14,641 wa Marekani waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10, saratani zote zikijumlishwa zilipungua kwa asilimia 8, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua hata kidogo. Mwaka 2022 kikosi kazi cha kitaifa cha Marekani kinachoshauri kuhusu kinga ya magonjwa kilisema ushahidi hautoshi kupendekeza vidonge vya mchanganyiko kwa watu wenye afya, na kikashauri karotini na vitamini E zisitumike kwa kuzuia saratani na magonjwa ya moyo.

Majaribio hayo yote yalihusu watu waliokuwa na chakula cha kutosha. Hali ni nyingine pale ambapo upungufu upo kweli, na hapo ndipo Tanzania ilipotoa mchango mkubwa kwa elimu ya dunia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliwagawa katika makundi wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi wa kawaida. Wote walipata madini chuma na foliki asidi kama ilivyo desturi ya kliniki, na baadhi wakaongezewa vitamini za kundi B, C na E. Ripoti ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba kwa waliopata vitamini hizo, mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu vilipungua kwa asilimia 39, na watoto wenye uzito pungufu kwa asilimia 44. Baadaye wajawazito 8,468 wasio na virusi walishirikishwa, na ripoti ya 2007 ikaonyesha uzito pungufu umeshuka kwa asilimia 18. Ni matokeo ya kujivunia: kidonge cha bei ndogo, kilichomezwa na mama aliyepungukiwa, kilimfikia mtoto aliye tumboni.

Lakini jiji hilohilo lilionyesha upande wa pili. Katika jaribio la kwanza, vitamini A nayo ilijaribiwa kwa sehemu ya akina mama, na ikaonekana kuongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa asilimia 38. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, watafiti waliwapa wagonjwa 3,418 walioanza tiba hiyo vitamini za dozi kubwa au za dozi ya kawaida. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuchelewesha ugonjwa, ila vipimo vya ini vilianza kupanda, na Machi 2009 jaribio likasimamishwa. Vitamini zilezile zilizokuwa msaada kwa mgonjwa asiye na tiba hazikuwa na la kumwongezea aliyepata tiba.

Pemba ilifundisha jambo zito zaidi. Kisiwani humo, wakati malaria ikiwa kali, watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa kila siku madini chuma na foliki asidi kwa nia njema ya kuondoa upungufu wa damu. Zaidi ya watoto 24,000 walihusika. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliokipata walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Chuma kinachoingia kwa ghafla kwenye damu ni chakula pia cha vimelea na bakteria. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Tangu utafiti huo ulipochapishwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba mahali penye malaria chuma cha dawa kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Hakuna aliyewahi kupata madhara ya namna hiyo kwa kulishwa maharage na dagaa.

Sababu za tofauti kati ya kidonge na chakula zinajulikana kwa kiasi kizuri. Mwili una malango yake. Karotini ya mchicha au ya viazi lishe hugeuzwa kuwa vitamini A kadiri mwili unavyohitaji, na akiba ikijaa ugeuzaji hupungua. Anayekula maembe kupita kiasi anaweza kugeuka rangi ya viganja, lakini hatapata sumu ya vitamini A. Vitamini A iliyokamilika, ya kwenye kidonge, haipiti lango hilo. Ikizidi hulundikana kwenye ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto. Katika vyakula vya kawaida, chanzo pekee cha asili kinachofika viwango hivyo ni maini: gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A mara kadhaa ya mahitaji ya siku, na ndiyo sababu wajawazito wa Uingereza hushauriwa wayaepuke. Vitamini A, D, E na K huhifadhiwa kwenye ini na mafuta ya mwili na zikizidi hazitoki upesi. Vitamini C na za kundi B hutoka na mkojo, ingawa B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na C kwa dozi kubwa huwaletea wengine mawe ya figo.

Chakula pia hubeba vitu ambavyo chupa haina. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, alizingatia jinsi magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalivyokuwa adimu katika wodi za Mulago, akayahusisha na nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa. Nyuzinyuzi hizo hazimeng'enywi tumboni. Hulisha bakteria wazuri wa utumbo, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kulainisha choo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Hakuna kidonge cha vitamini kinachotoa nyuzinyuzi, protini, maji na nishati za sahani moja ya kunde.

Mapishi ya Afrika Mashariki yana hekima ambayo maabara imekuja kuithibitisha. Karotini huyeyuka kwenye mafuta, hivyo mboga iliyochemshwa tupu hutoa kidogo sana kuliko mchicha wa nazi, matembele ya karanga au majani ya maboga yaliyoungwa. Maharage yana chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Kachumbari mbichi ya nyanya iliyokamuliwa ndimu inapoliwa pamoja nayo, vitamini C yake hurahisisha ufyonzwaji huo. Kipande kidogo cha nyama au samaki hufanya kazi hiyohiyo. Chai ya rangi, kinyume chake, ina tanini zinazokishika chuma, na desturi ya kuteremshia maharage kwa chai asubuhi inawanyima wengi damu waliyokwisha kuilipia. Chai ikinywewa saa moja au zaidi baada ya mlo, tatizo linapungua sana. Togwa na uji wa kimea nao ni mfano mzuri: kuotesha na kuchachusha nafaka hupunguza fitati, kiambata kinachofunga chuma na zinki.

Dagaa wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Wawe wa Mwanza, wa Kigoma au wa baharini, huliwa wazima pamoja na mifupa, hivyo hutoa kalsiamu ambayo minofu ya samaki mkubwa haina, na pia B12, chuma na zinki. Kenya wanajulikana kama omena, Uganda kama mukene, na kote huko ndio chakula cha asili ya wanyama kinachofika kwenye nyumba zenye kipato cha chini. Mawese mabichi ya Kigoma, Burundi na mashariki mwa Kongo yana rangi nyekundu kwa sababu yamejaa karotini. Yakisafishwa mpaka yakawa meupe, karotini imekwenda. Pera lina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Ubuyu mkavu nao unayo kwa wingi, mradi usichemshwe kwa muda mrefu pamoja na sukari na rangi.

Upishi unaweza vilevile kuharibu. Vitamini C huvuja kwenye maji na kufa kwa moto mrefu, kwa hiyo anayechemsha mchicha kisha akamwaga maji amemwaga sehemu kubwa ya alichonunua. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, ipikwe kwa maji kidogo, iepuliwe mapema. Kisamvu hakina budi kutwangwa na kupikwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Vitamini C hupotea humo, ila karotini na madini hubaki. Mboga za kukausha, kama majani ya kunde na mgagani, hutunza karotini vizuri zaidi zikianikwa kivulini kuliko juani.

Pahali ambapo chakula chenyewe hupunguzwa vitamini kabla ya kufika jikoni ni mashineni. Sembe hupatikana kwa kuondoa kiini na ganda la mahindi, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, chuma, zinki na nyuzinyuzi. Dona hubakiza vyote. Hata hivyo dona ina sharti lake: sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye tabaka hizohizo, na mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu yanaweza kuua, kama ilivyotokea mashariki mwa Kenya mwaka 2004 ambapo watu 125 walikufa. Dona nzuri ni ya mahindi yaliyokaushwa sawasawa na kuchambuliwa punje zenye ukungu.

Mahindi peke yake, hata ya dona, hayamtoshi mtu. Niasini yake imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua mpaka mahindi yachemshwe kwa chokaa, kama wafanyavyo watu wa Meksiko tangu kale. Mwaka 1990, mgao wa karanga ulipokatika katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuhara na kuchanganyikiwa. Chakula chao kilibaki mahindi, na kilichoondoka ni karanga tu. Tukio hilo linaonyesha wazi zaidi ya takwimu yoyote ya maabara kwamba usalama wa mlo umo katika mchanganyiko wake.

Serikali zimejaribu kuliziba pengo hilo kwa kuongeza virutubishi kwenye vyakula vya viwandani. Tanzania na Kenya zinataka unga wa ngano uongezwe chuma, zinki na vitamini za kundi B, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Chumvi ina madini joto, na hatua hiyo imepunguza sana rovu. Kasoro ni kwamba familia nyingi za vijijini husagisha mahindi yao kwenye mashine ndogo ya kijiji, ambako hakuna kinachoongezwa. Kwa hao, mbegu zenye virutubishi ndizo zenye matumaini zaidi: viazi lishe vya rangi ya chungwa, ambavyo Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walituzwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kuvieneza, na maharage yenye chuma kingi yaliyosambazwa Rwanda. Mkulima huvuna vitamini shambani kwake kila msimu bila kumsubiri muuzaji.

Pamoja na yote hayo, wapo watu ambao chakula peke yake hakiwatoshi, na kuwanyima kidonge ni kuwadhuru. Wa kwanza ni wajawazito. Shirika la Afya Duniani linawashauri wameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi. Utafiti mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro nyingine za uti wa mgongo na ubongo, foliki asidi ilipunguza kwa asilimia 72 hatari ya kuzaa mwingine wa namna hiyo. Kwa kuwa uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne za kwanza, wakati wengi hawajajua kama wana mimba, inafaa kuanza kabla ya kushika mimba. Dozi nayo ina maana yake: foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya dawa ya SP ambayo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria, kwa hiyo mama asijinunulie vidonge vya foliki asidi bila kumwambia mkunga.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita hivi. Msingi wa utaratibu huo ni kazi ya mtafiti Alfred Sommer nchini Indonesia, ambako mwaka 1986 ilionekana kwamba matone yalipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 34. Tanzania huyatoa Juni na Desemba. Kwa vichanga wa siku moja mbili matone hayo hayakusaidia: jaribio la watoto 31,999 lililofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara halikuonyesha kupungua kwa vifo. Mtoto anayeharisha naye hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi, na huu ni miongoni mwa ushauri wenye ushahidi imara kabisa katika afya ya mtoto.

Wapo pia wasiokula kabisa vyakula vya wanyama, ambao hawana chanzo cha kutegemewa cha B12. Wazee wengi hawaifyonzi vizuri, na wanaotumia metformini kwa kisukari cha muda mrefu huweza kupungukiwa nayo. Wanaotumia isoniazidi kwa kifua kikuu hupewa B6 ili mishipa ya fahamu isiharibike. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na mkulima wa Singida hana haja ya kuinunua. Lakini Watanzania na Wakenya waishio Uingereza wamo katika kundi ambalo huduma ya afya ya nchi hiyo inalishauri kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, maana ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi na jua la huko ni hafifu. Mwanamke wa miji ya Ghuba ambaye hatoki nje ila akiwa amejifunika naye anaweza kupungukiwa, japo jua la huko ni kali.

Kwa hao wote kidonge ni dawa: kina sababu, dozi na muda. Soko huru halikiuzi hivyo. Marekani, zinakotoka chupa nyingi, ina sheria ya mwaka 1994 inayomruhusu mtengenezaji kuuza virutubisho vya nyongeza bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi inayotajwa. Neno "asilia" kwenye lebo halimaanishi salama, na kiwango cha asilimia 1,000 ya mahitaji ya siku si sifa ya ubora. Vidonge vya chuma vinavyofanana na peremende vimewaua watoto wadogo waliovila kwa wingi, hivyo viwekwe mahali pasipofikiwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvurugiwa tiba na vitamini K.

Mtu anayejisikia mchovu kila siku, anayepauka au kufa ganzi miguuni aende kupima damu kabla ya kununua chochote, kwa sababu uchovu huohuo unaweza kuwa wa malaria, minyoo, kisukari, ugonjwa wa tezi au figo, na chupa ya vitamini itamchelewesha tu. Daktari au mhudumu wa kliniki aambiwe kila kidonge kinachotumika nyumbani, kikiwemo cha mitaani. Na mwenye afya njema, ambaye hajakutwa na upungufu wowote, fedha ya chupa anunulie dagaa, kunde, mapera na mboga za majani.